Gari la Mtani Mahali pa Mihayo

Siku tulipoanua matanga ya mume wangu Mihayo, gari dogo la bluu la jirani yetu Mwinshehe liliingia mahali pa Mihayo pa kupaki na halikutoka tena. Usiku wa kuamkia leo nikaliota.

Kwanza nieleze mahali penyewe. Ni mbele ya geti letu hapa Kimanga, chini ya dirisha la jikoni. Mtaa ni mwembamba, na kila nyumba ina alama yake ya kuzuia wengine wasipaki. Wengine wana jiwe, wengine ndoo yenye zege. Sisi tulikuwa na tairi kuukuu ambalo Mihayo alilipaka nusu rangi nyeupe, rangi ikaisha. Gari lake mwenyewe liko kwa fundi tangu kabla hajaugua.

Vijana waliliondoa tairi ili wafunge turubai la msiba. Turubai liliposhushwa, mimi nilikuwa bado ndani, kwenye mkeka, pamoja na wanawake wenzangu. Nilisikia gari likiwashwa, Mwinshehe akipiga kelele za michembe, vile viazi vitamu vikavu vya kwao Mihayo, na watu wakicheka. Nilipotoka, gari la bluu lilikuwa limelala mahali pa mume wangu. Tangu siku hiyo sikuitikia salamu ya Mwinshehe. Ananiita shemeji, nafunga dirisha.

Katika ndoto, tairi linabisha mlango wa chumbani.

"Hodi."

"Karibu, kaa."

"Sikai, mama. Mimi nikikaa, watu husema nimelala. Kuna kikao. Mahali penu pameitwa shaurini."

Nauliza kama nibadilishe nguo. Tairi linasema mahali penyewe pamekuja vilevile palivyo, na doa lake la oili, kwa hiyo kanga inatosha.

Tunafungua mlango na kutokea ndani ya droo ya jikoni. Mtaa wetu wote umo humo, nyumba kulia, uma kushoto. Katikati ya vijiko ipo spana namba kumi na tatu ya Mihayo, ambayo naiweka humo tangu afariki. Naichukua. Sijui kwa nini mtu aende na spana kikaoni, ila tairi halioni ajabu.

Mjumbe wa mtaa ni kiti cha plastiki cha msibani, mguu mmoja umefungwa waya. Hakuna anayemkalia.

"Nani mwenye mahali hapa?" anauliza.

"Mume wangu."

"Yuko wapi?"

"Amefariki."

"Nimesikia. Yuko wapi?"

Nafikiri swali hilo. Kwa kweli ni swali zuri, na sijawahi kuulizwa na mtu yeyote. Nasema sijui.

"Basi sheria ya mtaa ni moja," anasema kiti. "Mahali ni pa aliyepaki."

Nakwenda kwenye doa la oili, najikunja, napaki.

"Umepinda," anasema kiti. "Rudi nyuma, kata kulia. Umeingia kwenye mfereji."

Narudi nyuma, nakata kulia.

"Na hana taa za nyuma," inasema ndoo yenye zege ya nyumba ya tatu, ambayo siku zote ina maneno.

Naona aibu kidogo. Nainuka, nakunja mahali petu kama mkeka na kupaweka kwapani. Ni pepesi kuliko nilivyodhani, na upande wa chini pana joto, kama penye gari lililozimwa sasa hivi.

Nikiinua macho, tuko kituo cha treni cha Tabora. Mashemeji zangu, wadogo zake Mihayo, wanashuka na mabegi, hawanioni. Gari la bluu limekaa kwenye benchi, limefunga mkanda.

"Kwa nini hutoki?" naliuliza.

"Siwezi, shemeji. Nimeshika."

"Umeshika nini?"

"Mahali pa marehemu. Mwinshehe ni Mzaramo, mumeo Mnyamwezi. Mtani akishika kitu cha marehemu msibani, hakiachii mpaka wafiwa wakikomboe. Ulikuwa hujui?"

"Mimi Mpare."

"Aa." Gari linapunguza taa, kwa adabu. "Kazi hiyo ilikuwa ya mashemeji zako. Wakawahi treni."

"Mbona Mwinshehe mwenyewe hakuniambia?"

"Mtani hadai mara mbili, itakuwa si utani tena. Alidai siku ile, kwa sauti. Hukusikia michembe?"

"Nilisikia michembe."

"Ndiyo hiyo."

Nataka kuuliza inatosha michembe mingapi, lakini chini ya gari naona miguu miwili imetokeza, imevaa katambuga, vile viatu vya matairi.

"Binamu zangu hao," linasema tairi kuhusu katambuga.

Mimi naziangalia nyayo. Nazijua. Kila Jumapili zilikuwa zinatokeza hivyo hivyo chini ya dirisha la jikoni.

"Mama Kulwa," sauti inaniita, "nipe kumi na tatu."

Nainama. Mkono unatoka, unachukua spana, unarudi ndani. Nina mengi ya kumuuliza, linakuja moja tu.

"Unafanya nini chini ya gari la mtu?"

"Nati ya oili imelegea. Mzaramo huyu atajulia wapi?"

"Unakuja ndani saa ngapi?"

"Nikimaliza. Sogea kidogo, unanizibia mwanga."

Nasogea.

Niliamka nikiwa nimesogea. Nilikuwa nimelala upande wake wa kitanda, jua limeshafika kwenye pazia.

Nilikwenda stoo, nikafungua mfuko wa michembe ambao mama mkwe alituletea kutoka Tabora, nikajaza bakuli, nikalifunika kwa kawa. Nikabisha kwa Mwinshehe. Alitoka na mswaki mdomoni. Aliliangalia bakuli, akaniangalia mimi, akautoa mswaki.

"Shemeji! Nilidhani mmeniachia gari lioze pale! Kila siku nakwenda kazini kwa basi kwa ajili ya huyu Mnyamwezi. Kafa, bado ananisumbua!"

"Sikujua," nikasema.

"Hukuambiwa?"

"Hapana."

"Na madirisha yote yale ulikuwa unanifungia..."

"Nilidhani umepora."

Alichukua kipande cha mchembe, akakitafuna muda mrefu.

"Kigumu kama kichwa chake," akasema, halafu akajifuta macho kwa mkono wa shati.

Gari halikuwaka, betri ilikuwa imekufa. Ndipo nilipoliangalia vizuri kwa mara ya kwanza. Majani yalijaa juu ya boneti, na vumbi lilikuwa zito kwenye vioo. Halikuwa limetoka hata siku moja. Mwinshehe alisukuma kwa nyuma, mimi nikashika usukani kupitia dirishani, yeye akinifokea: "Kata kulia! Kulia, shemeji! Unaingia mfereji!"

Lilipotoka, mahali pakabaki wazi, vumbi na majani makavu. Katikati ilikuwepo spana namba kumi na tatu. Haikuwa na vumbi.

Nilirudi jikoni, nikavuta droo. Vijiko tu.

Nilipotoka tena, Mwinshehe alikuwa amelala chali chini ya gari lake, miguu nje.

"Ajabu," alisema akiwa humo humo. "Hii nati ilikuwa inavujisha oili tangu kabla ya msiba. Nani kaikaza?"

Nilimwambia asogee kidogo aone vizuri.

Tairi limerudi mahali pake. Jumamosi fundi ataleta gari la Mihayo. Mwinshehe ndiye atakayeliingiza, kwa sababu mimi sijui kuendesha.