Galaksi Iliyofifia Kila Alhamisi

Mwalimu Rahila si mtu wa kujisifu, lakini wiki ile alitembea Micheweni kama aliyevishwa taji. Darubini ya skuli ilikuwa imempa kitu. Usiione ndogo mashine ile: jua likizama hujifungulia paa yenyewe, huitafuta nyota iliyoagizwa bila kuuliza mtu, na likianguka tone moja la mvua hujifunika haraka kuliko aliyeanika karafuu uani anavyozianua.

Kwa miezi minne ilikuwa ikipiga picha galaksi moja ya mbali mno. Katikati ya galaksi hiyo kuna shimo jeusi linalomeza gesi na vumbi, na vyote huwaka kabla ya kumezwa. Mwanga wake hupanda na kushuka, na kazi ya Rahila ni kuufuatilia. Sasa alikuwa ameona ajabu: kila Alhamisi galaksi inafifia, Ijumaa inarudi.

Nani amewahi kusikia shimo jeusi lenye ratiba ya wiki? Watafiti wenzake wa bara walitaka ripoti siku ile kabla ya magharibi, na jina lake ndilo lingetangulia. Mwalimu wa fizikia wa Micheweni, jamani! Aliitaka heshima hiyo, tena aliitaka sana.

Kilichomkera ni Alhamisi mbili ambazo galaksi haikufifia hata kidogo. Mkono ukasita, kisha akaziandikia "mawingu", ingawa hakukumbuka wingu lolote.

Alikuwa karibu kutuma alipoingia Bi Mwatum, mtunzaji wa kibanda cha darubini, na chetezo mkononi. Moshi wa ubani ulimtangulia mlangoni.

"Shikamoo, Bi Mwatum. Hicho cha nini?"

"Marahaba, mwanangu. Si Alhamisi hino? Namfukizia mgeni wetu. Usiku kucha atazama kazi ya Mola, weye wataka akae bila hata harufu nzuri?"

Akakizungusha chetezo mara tatu mbele ya kioo cha darubini, kwa adabu ile ile anayofukizia nyumba yake kila mkesha wa Ijumaa. Rahila akaondoa mkono kwenye kompyuta.

"Kila Alhamisi wafanya hivi?"

"Kila Alhamisi. Na Ijumaa asubuhi nakifuta kioo utando wa moshi kwa kile kitambaa mlichonipa, mpaka king'ae. Mbili tu zilinipita, nilikuwa Gando kwenye matanga ya dada'angu."

Rahila alimwuliza tarehe, na Bi Mwatum akazitaja bila kubabaika. Zilikuwa zile zile mbili.

Hapo ndipo alipofanya alichopaswa kufanya tangu mwanzo: akazitazama nyota za jirani katika picha zile zile. Nazo zilikuwa zimefifia kila Alhamisi, zote kwa pamoja. Yeye mwenyewe huwafundisha wanafunzi kwamba mwanga haupimwi bila kulinganishwa na wa jirani, na tamaa ilikuwa imemsahaulisha. Aliona haya, machozi yakamlenga.

Bi Mwatum alimtazama, akakiteremsha chetezo taratibu. "Nimeharibu, mwanangu?"

Ilikuwa rahisi kusema ndiyo.

"Hukuharibu, Bi Mwatum. Niliyekosea ni miye."

Mama yule alikitoa chetezo nje, akarudi na kitambaa, akakifuta kioo polepole kwa mikono isiyotetemeka, na Rahila akajiambia kwamba hajapata kuona mtu anayekitunza kitu hivyo. Kisha akarudi kwenye kompyuta kupima upya siku zote, safari hii akilinganisha na majirani. Mabonde ya Alhamisi kwenye grafu yakatoweka yote. Ukabaki mstari mmoja uliokuwa umefichwa na moshi, unaopanda kidogo kidogo tangu Mfungo Mosi, mwezi wa picha za kwanza. Shimo lile lilikuwa kweli linazidi kula.

Haikuwa ajabu ya kutangazwa redioni, lakini ilikuwa kweli. Rahila akafuta "mawingu", akaandika: "Moshi wa ubani. Tarehe zote zimethibitishwa na mtunzaji wa darubini." Chini yake akaweka majina mawili, na la Bi Mwatum likatangulia.