Bahari Chini ya Kitanda cha Lesieli

Jumapili, watu wakiwa ndio kwanza wametoka kanisani, Sista Seini aliona maji chini ya kitanda cha Bi Lesieli, aliyepasuliwa jana yake na kutolewa mfuko wa nyongo. Akachovya kidole, akaonja. Ya chumvi. Katika hospitali ile ya kisiwa cha Vava'u, mgonjwa wa upasuaji akianza kuzidiwa, bahari humjia chini ya kitanda kabla mashine haijajua lolote. Ndiyo maana wauguzi wote huvaa kandambili.

"Mama, unajisikiaje?"

"Mzima tu, mwanangu. Usihangaike na mimi."

Lesieli hakupenda kusumbua watu. Hata sasa, midomo imempauka, alikuwa akiwaomba radhi samaki kwa kuwabania nafasi.

Seini akampigia Daktari Feleti nyumbani kwake, ng'ambo ya uwanja. Daktari akauliza presha. Presha ilikuwa nzuri. Basi, akasema, utaratibu ni kupigiwa namba zikishuka, si maji yakipanda. Tena yeye ni shemasi, na kisiwani kwao Jumapili ni mwiko kuingia baharini.

Maji yalipofika magotini Seini alipiga tena, simu haikupokelewa. Sasa aliogopa kwelikweli. Maji yakishapita kiuno, hakuna mgonjwa aliyewahi kurudi.

Kitanda kikaelea. Seini akakisukuma kwa mkono mmoja, wakatoka wodini, wakavuka uwanja, bahari ikiwafuata taratibu mpaka kwenye chumba cha kulia cha daktari. Alikuwa anamalizia majimbi. Mkeka wa kanisani aliojifunga kiunoni, kama ilivyo desturi yao ya heshima, ukalowa.

"Sista, leo Jumapili."

"Najua. Mshike tumbo."

Akamshika. Tumbo lilikuwa gumu kama ubao. Damu ilikuwa inavuja ndani kwa ndani. Daktari akaacha chakula. Wakiwa njiani kwenda chumba cha upasuaji presha ikashuka, naye akafurahi kwamba sasa utaratibu umefuatwa. Lesieli alipona, akaomba radhi kwa ajili ya mkeka.

Jumatatu likabandikwa tangazo: ni marufuku wauguzi kuingiza bahari hospitalini siku ya Jumapili.

Jumapili iliyofuata maji yakaonekana chini ya kitanda cha mzee mmoja aliyepasuliwa ngiri. Seini akapiga simu.

"Namba zikoje?" akauliza daktari.

"Nzuri."

"Basi."

Seini akaweka simu chini. Safari hii hakusubiri kitanda kielee. Aliinama, akafungua breki za magurudumu.