Karpo na Farasi wa Bure

Mume wangu ni mtu mtulivu. Hata mchuzi ukizidi chumvi anakula kimya. Aliyenizeesha ni kaka yake, Karpo.

Mimi ndiye nahodha wa timu ya sataranji ya mtaa wetu hapa mjini Iloilo, na Karpo ni mchezaji wetu wa nne. Akili anayo, tena nyingi. Shida ni kwamba hataki kufungua mchezo kama watu. Wenzake wakitanguliza askari wa katikati, yeye atasogeza wa pembeni kabisa. Au atamtoa farasi bure, mpinzani hata hajakaa sawa kitini, kisha anigeukie akitabasamu. "Chambo hicho, shemeji." Chambo gani kisichonasa samaki! Mwaka juzi alifungwa na padri aliyekuwa ndiyo kwanza anajifunza.

Sikukuu ya mtakatifu wa mtaa ilipofika, tukaingia fainali na watu wa ng'ambo ya mto. Zawadi ilikuwa nguruwe mzima, naye tayari alikuwa akizungushwa motoni nyuma ya uwanja wa mpira wa kikapu, harufu yake ikitutesa. Wawili wetu tulishinda, mmoja akafungwa. Ikabaki meza ya Karpo, iliyochelewa kuanza kwa sababu mpinzani wake, Mama Purita, mkunga mstaafu, hakutaka kutoka misani kabla ya baraka. Sare ingetutosha.

Nikamvuta Karpo pembeni.

"Shemeji, leo nakuomba. Cheza kama binadamu wengine."

"Kwani mimi mbuzi?"

"Sitaki chambo, sitaki miujiza. Sare tu!"

"Naapa kwa mama."

"Mama yako yule pale anakutazama."

"Vizuri. Atashuhudia."

Hatua tatu za mwanzo alicheza kwa adabu, nikaanza kumshukuru Mungu. Ya nne, farasi wake akamrukia askari wa katikati, askari anayelindwa, ambaye hata mtoto angemwacha. Nilifumba macho. Nilipoyafumbua, farasi alikuwa mkononi mwa Mama Purita.

"Mwanangu, mkono umeteleza?" akauliza kwa huruma. Yeye ndiye aliyemzalisha mama yake Karpo.

"Hapana, Mama. Karibu."

Kusema kweli, kwa muda mambo yalimwendea vizuri. Askari wake wakasonga mbele wakiwafukuza farasi wa yule bibi hadi nyumbani kwao. Mama Purita akajishika kiuno, akautazama moshi wa nyama, akasema, "Tupeane sare, mwanangu. Mgongo unaniuma."

Timu nzima tukashusha pumzi. Nguruwe wetu!

"Aa, Mama," Karpo akajibu, "ndiyo kwanza panachangamka."

Nahodha haruhusiwi kusema neno mchezo ukiendelea. Nilikohoa. Nikakohoa tena, hadi mwamuzi akaniletea maji.

Hapakuchangamka. Mama Purita alitulia, akamla askari mmoja, akamla mwingine, akaitwaa ngome, akamtwaa na malkia. Mwishowe Karpo alibaki na mfalme peke yake, akikimbizwa kona hadi kona kama kuku wa Krismasi. Mume wangu alinishika mkono; nadhani aliogopa nitaurushia ubao kiatu.

Ndipo Mama Purita, kwa haraka ya kumaliza, akamsogeza malkia wake mraba mmoja zaidi ya ilivyopaswa. Mfalme wa Karpo hakushambuliwa, lakini hakuwa na pa kukanyaga, wala hapakuwa na kingine cha kusogeza. Mwamuzi akainama, akachungulia, akainua mikono yote miwili.

"Sare!"

Ndiyo sheria: mfalme akikwama bila kushambuliwa, hakuna mshindi. Watu wakamwinua Karpo juu juu. Mama yake akalia. Shujaa! Mimi nilisubiri hadi walipomshusha.

"Sare hii si uliletewa mezani, ukaikataa?"

"Ile ilikuwa ya kupewa, shemeji. Hii ina utamu."

Mama Purita, uso umemwiva kwa hasira, alikuwa ameshapanga ubao upya na anamwita. "Wewe! Keti hapa. Sasa nitakuonyesha!" Karpo akaketi mbio, kama mtu aliyeitwa kula.

Nguruwe akakatwa, akaliwa, wao hawakuinua vichwa. Sahani ya Karpo ilikuja na ngozi nzuri ya mgongoni, ile inayopasuka mdomoni. Nilisimama nyuma yake, nikaila yote, huku nikimtazama akimtoa farasi mwingine bure.