Mwasumini wa Mwenye Eda

Dada yangu Mwanapili alifiwa na mumewe Silima mwaka wa hamsini na nane, pale Gando, nami nikahamia kwake kumhudumia muda wa eda, ile miezi minne na siku kumi. Alichokithamini kuliko vyote alivyoachiwa ni mwasumini uliopandwa ndani ya debe, dirishani mwa chumba chake. Nje mbuzi wangeutafuna, kwa hiyo Silima aliulea ndani kama mwali. Nikaushika utaratibu wake: kuugeuza upate jua pande zote, kuunywesha maji ya kuoshea mchele, na kuutilia makonyo yaliyooza, vile vijiti vya karafuu.

Wiki ya pili ukatoa vitumba, kimoja kikafunguka. Jirani yetu Bi Fakhriya aliingia kutoa pole, akanusa.

"Mwanapili! Mwenye eda hatii manukato, nawe walala na asumini?"

Maneno yale yalimchoma dada. Kuutoa nje hakutaka, na kumkosea marehemu hakutaka pia. Basi kila vitumba vilipotokeza, akavikata pamoja na ncha za matawi.

"Utauua, dada!" nilimfokea. Ulimi hauna mfupa, na wangu ndio kabisa.

"Kwani mie nataka ufe?" Machozi yalimdondoka ndani ya debe. "Ukifa huu, basi Silima kenda moja kwa moja."

Nikaona haya, nikaenda kuteka maji.

Kila alipokata palichipuka matawi mawili. Nayo akayakata. Mti ukawa kichaka cha majani matupu, nami nikaamini hautatoa tena ua maishani. Siku za mwisho vitumba vilirudi vidogo sana, akaviacha, maana eda ingekwisha kabla havijafunguka.

Jioni ya siku aliyotoka eda, dada alikoga, tukaingia chumbani pamoja. Majani hayakuonekana. Mti ulikuwa weupe mtupu, kutoka debeni hadi juu ya dirisha, na harufu ikatupokea mlangoni. Mwili ulinisisimka.

Mwanapili alipiga magoti, akapapasa makovu ya matawi. "Hapa n'likata. Na hapa. Na hapa. Subhanallah!"

Akavuta pumzi ndefu, akacheka, kisha uso ukambadilika.

"Miaka sita Silima kaulea," alisema, "na kwa huruma yake hakuukata hata mara moja. Hakuuona hivi."