Tangazo Lisilo na Pumzi

Haya ni kweli tupu, na asiyeamini akaziulize kuta za studio, maana zina masikio. Msomaji wa matangazo ya vifo redioni, waliyembandika jina la Kinanda, alikuwa na sauti ya kumnyamazisha jogoo aliyekwisha kufungua mdomo. Mashine za akili bandia zinazoiga sauti zilipoingia, serikali ilikuwa bado inaunda kamati ya kuchagua kamati. Wasomaji hawakungoja. Wakala kiapo wenyewe: tangazo la kifo lisomwe na mtu, na atakayeiachia mashine atalibeba kwa miguu hadi kwa wafiwa, alisome upya mbele yao.

Kinanda aliapa kwa sauti kuliko wote. Kisha koo likamkauka, akaona aibu kusema. Asubuhi moja akaipa mashine karatasi ya tangazo la kifo cha fundi mwashi mmoja, akaenda kusukutua maji ya chumvi.

Mchana mwenzake wa zamu, waliyemwita Mjomba, akamkalia mezani.

"Dada, leo ulisoma wewe?"

"Sasa nani? Babu yako?"

"Babu yangu angevuta pumzi kabla ya jina la marehemu. Sote tunavuta. Wewe leo umepita kama lori lililokatika breki."

Kinanda akacheka peke yake. Mjomba akamsogezea karatasi. Familia ilikuwa imeandika kwamba fundi alianguka kazini, mbao za kupandia zilikuwa zimeoza. Mashine, kwa kuzoea matangazo ya wengine, ilisema amefariki kwa amani.

"Mkandarasi aliyemwajiri keshamwambia mjane: si ajali, redio yenyewe imesema," Mjomba akaongeza.

Meneja aliyekuwa akipita akasikia. "Nyamazeni. Sheria haipo. Nani atawashtaki?"

"Hakuna," Mjomba akajibu, macho kwa Kinanda.

Kinanda angeweza kukana. Sauti ilikuwa yake. Pumzi nani angeithibitisha? Hapo ndipo alipoogopa, kwani kiapo chote kilikuwa kimemning'inia shingoni yeye peke yake. Akachukua karatasi.

Msibani alisoma kwa sauti ya debe lililotoboka: kwamba asubuhi ilisoma mashine, kwamba yeye ndiye aliyeiachia, kwamba mbao zilikuwa zimeoza. Mkandarasi, kiti cha mbele, akawa anafuta miwani isiyo na vumbi.

Mjane hakumshukuru.

"Redio imesikika mji mzima, mwanangu," alisema. "Hapa tuko wangapi? Anza na nyumba ile."

Kinanda akakunja karatasi, akaenda kupiga hodi.