Shikamoo, Tadea

Siku ya Jumanne, wiki ya tatu ya mazoezi yake ya kufundisha, Flavia Komba aliwaita watoto wa darasa la awali mmoja mmoja waje kuandika tano ubaoni. Watoto walikuwa tisini na wanne, wameketi kwenye mikeka. Shule ilikuwa juu kidogo ya Ziwa Nyasa, upande wa Kihagara, na kwa kuwa madirisha hayakuwa na vioo, harufu ya usipa, dagaa wa ziwani, walioanikwa iliingia na kutoka ilivyotaka.

Flavia, mzaliwa wa Mbinga mjini, alikuwa na miaka ishirini na mitatu. Chuo kilimtaka aandike ukurasa mmoja wenye kichwa "Falsafa Yangu ya Kufundisha Watoto Wadogo". Aliuanza kwa methali: samaki mkunje angali mbichi. Mwalimu wake mlezi, Hedwiga, mwenye miaka thelathini kazini, aliisoma akasema hapo ameshapata maksi.

Zamu ya Tadea ilipofika, alishika chaki kwa mkono wa kushoto. Alikuwa binti wa miaka mitano. Flavia alimkanya mara mbili. Mara ya tatu, Hedwiga aliyekuwa ameketi nyuma akamtazama Flavia, na Flavia akachukua rula akampiga mtoto vidoleni, mara moja tu. Tadea hakulia. Alihamishia chaki mkono wa kulia akaandika tano iliyolala chali.

Kesho yake alikuja shuleni amezeeka.

Nywele zilikuwa nyeupe zote, mgongo umepinda, na sare ileile ya bluu ilimtosha vizuri, maana hakuongezeka kimo. Mama yake, Mariana, alimleta polepole kwa sababu ya magoti ya mtoto. Alieleza kwamba mtoto alilala mzima, akaamka hivyo, uji amekunywa. Njiani watu walikuwa wamemwamkia shikamoo, naye aliitika marahaba bila kukosea.

Mariana hakuja kulaumu. Alikuwa na swali moja.

"Mwalimu, nataka kujua tu. Nitamzika mimi, au atanizika yeye?"

Flavia aliificha rula nyuma ya mgongo. Mariana alingoja kidogo kwa adabu, kisha akaenda kugeuza usipa wake.

Hedwiga alitafuta kiti, kwa kuwa si vizuri mtu mzima kuketi chini, na kipindi cha kuhesabu kikaendelea. Wakati wa mapumziko Flavia alimuuliza kama ameona. Hedwiga alisema ameona, na kwamba kila mwaka hawakosekani wawili watatu. Bibi anayeuza vitumbua getini, ambaye Flavia humwamkia kila asubuhi, alifundishwa na Hedwiga mwenyewe. Ana miaka ishirini na sita.

"Wanatulia sana wakishakuwa hivyo," Hedwiga alisema. "Utaona."

Wiki ile wazee wa ukoo walimwita Tadea awaamulie ugomvi wa mpaka wa shamba la mihogo. Aliwasikiliza, kisha akauliza kama kuna muwa. Walimpa muwa akashindwa kuutafuna, hana meno. Alilia mpaka akasinzia kwenye kiti cha heshima, na wazee wakakubaliana kwamba ndivyo alivyoamua: mpaka ubaki ulipo.

Usiku mmoja Flavia alichana ule ukurasa. Mpya ulikuwa na sentensi moja: Mtoto wa miaka mitano aachwe awe na miaka mitano. Rula aliivunja. Darasani aliwaacha watoto wamjibu kwa Kinyasa, lugha ya kwao, na washike chaki kwa mkono wowote, na kelele zikafika hadi ofisini. Tadea alirudia mkono wake wa kushoto akaandika tano nzuri. Nywele zilibaki nyeupe.

Mthibiti ubora wa shule, Thabiti, mtu wa Tanga, alifika Alhamisi ya wiki iliyofuata. Alimwamkia Tadea kwa heshima akamuuliza kama amekuja kwa mpango wa elimu ya watu wazima. Flavia alimwambia ana miaka mitano, na kwamba aliyempiga ni yeye. Thabiti aliandika kitu. Kisha akasoma ile sentensi, akageuza karatasi kuona kama nyuma kuna nyingine.

"Wazo zuri," alisema. "Ila nidhamu ya darasa sijaiona. Mwanafunzi pekee aliyetulia ni huyu bibi."

Alimpa Flavia alama ya chini, akapanda pikipiki yake. Darasa likarudishwa kwa Hedwiga, na Flavia akabaki kumsaidia kusambaza uji hadi mwezi uishe. Kutoka jikoni alisikia fimbo, kisha ukimya, kisha watoto wakihesabu kwa sauti moja hadi kumi.

Jumatatu iliyofuata, mstarini, wenye nywele nyeupe walikuwa watano. Mwalimu mkuu aliwahamishia kivulini, akawaagiza wanafunzi wengine wawaheshimu. Flavia alikwenda kusimama mbele yao.

"Shikamooni," alisema.

"Marahaba, mwalimu," waliitika kwa sauti nyembamba. Kisha mmoja wao, mzee mwenye mvi hadi kwenye nyusi, alimvuta sketi, akamwambia kwa Kinyasa kwamba amebanwa na mkojo, na kwamba chooni peke yake anaogopa.

Flavia alimshika mkono akampeleka.