Amekula, Arudie

Muhuri ule niliuchongesha mwenyewe. Kabla yake tulikuwa tunaandika kwa mkono, na mwandiko wangu daktari mmoja aliwahi kuuliza kama kuku amepita juu ya karatasi. Nikaenda kwa fundi wa mihuri nikampa maneno mawili tu: AMEKULA, ARUDIE. Wino mwekundu. Tangu siku hiyo sampuli ikija na mafuta nagonga muhuri, nahamia nyingine. Wenzangu wa maabara wakaanza kuniita Hakimu, na nisiwadanganye, jina lilinipendeza.

Asiyeijua kazi yetu nimweleze kwa kifupi. Damu ikishatolewa tunaizungusha kwenye mashine kwa dakika kumi. Chembe nyekundu zinazama chini, juu yanabaki majimaji ya njano, safi, na hayo ndiyo tunayapima. Mtu akiwa ametoka kula, hasa vya kukaanga, majimaji yale yanaweza kuja meupe kama maziwa, kwa sababu ya mafuta yanayoelea ndani yake. Mashine yetu inapima kwa kupitisha mwanga, na mwanga haupiti kwenye maziwa. Basi mgonjwa tunamrudisha nyumbani akafunge kwa muda wa saa kumi na mbili, aje tena. Na wagonjwa ni waongo, jamani. "Sijala, dokta," na huku vidole vinang'aa mafuta. Miaka kumi na tisa nimeambiwa "sijala" kwa kila sauti, na nilishaacha kuisikia.

Dada yangu alinitangulia kuzaliwa kwa miaka minne. Alikuwa mpishi wa kantini ya kiwanda cha sabuni, wafanyakazi mia mbili kila mchana, na nyumbani tulimwita Mwiko. Yeye na kuonja walikuwa chanda na pete. Chakula kikifika mezani ameshashiba, anakaa pembeni anatutazama tunavyokula kama mtu aliyeshinda kesi.

"Mnanionea," alikuwa akisema. "Mimi napima chumvi tu."

"Chumvi gani inapimwa kwa bakuli, dada?"

Tunacheka, na yeye anacheka kutuzidi sote.

Mwaka ule akaanza kupungua. Alikuwa mwanamke wa mwili, akienda sokoni watu wanampisha, na ghafla magauni yakawa yanamning'inia. Watu wakamsifu. Mke wangu alimvuta chemba amwambie siri yake, anakula nini, anafanya mazoezi gani. Dada akasema hafanyi lolote, mwili umeamua wenyewe. Alitembea na chupa kubwa ya maji kwapani, anakunywa, anakwenda msalani, anarudi anakunywa tena. Alilalamika nyayo zinamwaka moto. Tukamwambia ni kusimama jikoni siku nzima.

Daktari wa zahanati ya kwao akamwandikia vipimo viwili, mafuta na sukari. Fomu akaileta kwangu, ingawa kuna maabara karibu naye zaidi. Alitaka damu yake ipimwe na mtu wa kwao. Alivaa gauni la kutokea, akawaamkia wenzangu wote mmoja mmoja, akawaambia, "Huyu mnayemwogopa nimembeba mgongoni."

Nilimtoa damu mwenyewe. Nikaizungusha. Ikatoka nyeupe.

Nilicheka, kusema kweli. Nikamwinulia ule mrija dirishani auone. "Mwiko, umeonja nini asubuhi hii?"

"Sijala kitu."

"Damu inasema umekula."

"Basi damu yangu inanisingizia," akasema, naye akacheka. Nikagonga muhuri. Akaikunja fomu vizuri, akaitia kwenye mkoba, akaenda zake kazini.

Wiki mbili baadaye akarudi. Safari hii hakuamkia watu. Alikaa kwenye benchi akiegemea ukuta, chupa ya maji katikati ya miguu. Sampuli ikawa nyeupe kuliko ya kwanza. Hapo nikakasirika, maana palikuwa na foleni na wenzangu wananitazama. Mtu wangu mwenyewe ananifanyia mzaha kazini kwangu.

"Dada, usinipake mafuta kwa mgongo wa chupa. Ulipita kantini?"

"Nilipita kuwasha majiko. Sikuonja."

"Mpishi awashe jiko asionje?"

"Sikuonja, mdogo wangu."

Nikagonga muhuri mbele yake. Nikamwambia kwa sauti ya kusikika na wengine kwamba vitendanishi, zile dawa za kupimia, havitupwi ovyo, na kwamba mtu mzima akiambiwa afunge, anafunga. Kwenye droo yangu, chini ya daftari la zamu, kilikuwepo kile kimashine kidogo cha kupimia sukari kwa tone la damu kutoka kidoleni. Hakijali mafuta. Kinachukua chini ya dakika moja. Sikukikumbuka, na hata ningekikumbuka nisingekitoa, kwa kuwa nilitaka kwanza akubali kwamba amekula.

Mara ya tatu ilikuwa Jumatatu. Alikuja na binti yake, ambaye alimshika mkono mpaka mlangoni akabaki nje na simu. Dada alikuwa amekonda usoni hadi meno yanaonekana makubwa. Alipumua kwa nguvu, kwa kina, kama mtu aliyepanda ngazi nyingi, ilhali maabara yetu iko chini na mlango wake unafunguka uwanjani.

"Nimefunga tangu Jumamosi jioni," akasema. "Siyo saa kumi na mbili. Jumamosi jioni. Jana kazini nilimwambia msaidizi wangu aonje yeye. Muulize ukitaka. Nimekunywa maji tu, na maji yenyewe hayanitoshi."

Nikamwinamia kumfunga mpira mkononi, na hapo nikasikia harufu. Pumzi yake ilinukia matunda. Matunda yaliyoiva sana, yaliyokaa siku mbili kwenye mfuko. Nilifurahi. Hilo ndilo linalonitesa mpaka leo, kwamba nilifurahi. Nilijiona nimemkamata.

"Umekula matunda," nikamwambia.

"Nani?"

"Mdomo unanukia, dada. Usinione mjinga."

Alinyoosha mkono nimtoe damu, macho yake yakatazama dari. Mshipa ulikuwa mgumu kupatikana, nikachoma mara tatu, hakugutuka. Nilipoizungusha ile damu sikuona njano hata chembe. Juu palikuwa na ukoko mweupe, mzito, unaoshika kwenye kuta za mrija. Katika miaka yangu yote sikuwahi kuona sampuli ya namna ile, na bado mkono wangu ukaenda kwenye muhuri.

"Alhamisi," nikamwambia. "Na ufunge kweli."

"Sitatia kitu mdomoni mpaka unipime," akasema. "Utaona mwenyewe." Alisema taratibu, bila hasira, na alipoinuka alijishikilia kwenye meza yangu.

Nilimtazama akivuka uwanja na binti yake. Moyo ulinisuta kidogo, nisiseme uongo. Nikajiambia nitampigia jioni. Jioni nikajiambia acha ajifunze.

Hakufika Alhamisi. Jumatano saa nne asubuhi muuguzi wa chumba cha dharura alikuja mbiombio na mrija mmoja na fomu. Nikaupokea mrija, fomu nikaiweka kando, nikaiwasha mashine. Foleni ilikuwa ndefu. Dakika kumi zikaisha, nikautoa mrija, nikauona mweupe mpaka juu. Hata sikutazama jina. Nilibonyeza muhuri kwenye wino.

"Huyu anarudia," nikasema.

"Atarudiaje?" Muuguzi alikuwa bado amesimama pale, anahema. "Hajitambui, Hakimu. Unamwambia nani afunge?"

Ndipo nikaivuta ile fomu nigonge. Jina lilikuwa la dada yangu.

Sikumbuki niliuweka wapi muhuri. Nakumbuka nilifungua droo, nikalitupa daftari la zamu chini, nikachota tone kutoka kwenye sampuli nikalitia kwenye kile kimashine. Kilihesabu sekunde zake. Namba haikutoka. Kilichotokea kwenye kioo ni alama ile inayoonyesha kwamba sukari imepita mahali kinapoweza kupima. Nikarudia kwa kijiti kingine cha kupimia. Alama ileile.

Nilikimbia na majibu mkononi kama mwanafunzi, mimi, mkuu wa maabara. Alikuwa kwenye kitanda cha karibu na dirisha, dripu mikono yote miwili. Kifua kilipanda na kushuka kwa ile pumzi nzito niliyoisikia Jumatatu, sasa kubwa zaidi, inasikika hadi mlangoni. Chumba kizima kilinuka matunda.

Daktari alikuwa kijana, umri wa mtoto wangu wa kwanza. Aliichukua ile karatasi, akaisoma, akatikisa kichwa.

"Nilijua kabla hujaleta," akasema. "Inanuka tangu mapokezi. Hizo ni ketoni."

Nikasogea karibu na kitanda.

"Mwili wake hauna insulini ya kutosha. Sukari imejaa kwenye damu na haiwezi kuingia inakotakiwa, kwa hiyo mwili unajiona una njaa, unavunja mafuta yake wenyewe. Asidi za mafuta zinamwagika kwenye damu. Ini linazipokea, nyingine linazigeuza mafuta tena, nyingine ketoni. Ndiyo maana damu ni nyeupe na pumzi inanukia hivyo." Akanitazama usoni. "Lakini nakufundisha kazi yako, mzee. Samahani."

Hakunifundisha. Niliyajua. Niliyasoma chuoni, nikayajibu kwenye mtihani, nikapata alama nzuri. Nimewahi kuwafundisha wanafunzi wa mazoezi, nikiwachorea ini ubaoni kwa chaki ya kahawia. Ila kwenye meza yangu kila mrija mweupe ulikuwa na maana moja, nami niliifanyia muhuri.

"Na mtu wa hivi akifunga?" nikauliza. Nilitaka aniambie haidhuru.

"Akifunga ndiyo mwili unazidi kujila. Kila siku asiyokula, mafuta yanazidi kumwagika. Huyu alihitaji insulini wiki nyingi zilizopita." Akafungua faili. "Wewe ni nani kwake?"

"Mdogo wake."

"Nahitaji kujua alikula lini mara ya mwisho. Binti yake anasema mama yake hali chakula, lakini hajui tangu lini. Anasema kuna mtu alimwambia afunge."

"Jumamosi jioni," nikasema.

"Jumamosi ya juzi hii? Leo Jumatano. Una uhakika? Watu wengi wakiulizwa hawasemi kweli."

"Nina uhakika. Yeye ni mkweli."

Aliandika. Kalamu yake ilipita kwenye karatasi haraka, kisha akaifunga faili na kunishika bega, akanivuta hatua mbili kutoka kitandani. Akasema wanafanya kila wanachoweza, insulini imeanza kuingia, maji yanaingia, ila figo zimesimama na moyo unachoka. Akasema kama kuna ndugu walio mbali, ni vizuri nianze kuwapigia sasa hivi, nisingoje.

Nilirudi nikakaa kitandani karibu na miguu yake. Nyayo zilizokuwa zikimwaka moto zilikuwa baridi. Nikazishika. Nikamwita dada, nikamwita Mwiko, nikamwita kwa jina alilopewa na wazazi wetu, ambalo sikuwa nimelitumia tangu utotoni. Pumzi ile ilienda na kurudi, basi. Nilimwomba msamaha kwa sauti, mbele ya wagonjwa wengine, na machozi yakanitoka nisiyafute. Kama alisikia, hakuonyesha.

Binti yake aliingia akiwa amebeba mkoba wa mama yake. Alikuwa ametumwa kuleta kadi za zahanati, akazimwaga zote juu ya shuka azichambue. Katikati yake zilikuwepo zile fomu tatu, zimekunjwa vizuri, kila moja na wino wangu mwekundu. Hakuzisoma. Alizipanga pembeni, akanigeukia na uso wa mtu anayetafuta neno moja la kushikilia.

"Mjomba, mama alikuwa anangoja majibu yake kwako. Hata jana, kabla hajapoteza fahamu, aliuliza kama umepiga simu. Yametoka?"

"Yametoka."

"Yanasemaje?"

Nilitazama zile karatasi tatu, kisha kifua cha dada yangu.

"Yanasema alikuwa hajala," nikamwambia.